Waliohamia Nyumba ya Padri

Makandi alichomoa waya mgongoni mwa mashine ya saba, akaupangusa vumbi kwa pindo la leso, akauchomeka tena na kuukaza. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza kwa muda mrefu, hata saruji ilikuwa imemwachia alama.

"Jaribu sasa," alisema kutoka huko chini.

Juu ya meza vidole vya Nkirote viligonga vibonye kimoja kimoja, kama kuku anayedonoa mtama. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, kisha ikatoa mlio mmoja mfupi. Makandi hakuhitaji kuinuka ili ajue mlio huo ulisema nini.

"Madam, bado inasema hainijui."

"Umeandika polepole?"

"Polepole mpaka nyanya yangu angekuwa ameshaingia, Madam."

Wenzake walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu, kikakatika kabla hakijafika nyuma ya chumba. Walikuwa kumi na mmoja, wasichana wa kidato cha nne, kila mmoja mbele ya mashine yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameingia. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kesho yake, saa mbili kamili asubuhi, ndio ungekuwa mtihani wao wa vitendo wa kompyuta, wa kwanza tangu shule hiyo iliyo kando ya barabara ya Ruiri ianzishwe. Mtahiniwa angeketi, aandike jina na neno lake la siri, mashine imfungulie sanduku lake la kazi ndani ya seva, ile mashine kuu ya ofisini, afanye kazi, aichapishe, ikusanywe. Asiyeingia hana kazi, na asiye na kazi hana alama.

Makandi alikuwa mwalimu wa hesabu. Kompyuta hakufundishwa na mtu. Mashine hizo zilipoletwa kama msaada miaka mitatu iliyopita, fundi mmoja wa Kianjokoma aitwaye Antony alikaa wiki nzima akizifunga na kuziunganisha. Makandi alimfuata nyuma kila hatua, akimshikia bisibisi na kumwuliza maswali. Alipoondoka, Antony alimwachia daftari la kurasa arobaini na flopi moja ya rangi ya samawati, kile kisahani cha kuhifadhia programu. Daftari hilo Makandi alilisoma jinsi watu wengine wanavyosoma Zaburi. Ni yeye aliyemwomba mwalimu mkuu somo hilo liruhusiwe, na ni yeye aliyekwenda nyumbani kwa wazazi saba waliosita, akanywa chai katika kila nyumba, akawaambia, "Niachieni huyu mtoto, hamtajuta."

Sasa alinyanyuka, akasimama katikati ya chumba.

Waya aliukagua mara tatu, kutoka mashine ya kwanza hadi ya kumi na moja, pamoja na vile vifuniko vidogo vya mwisho wa waya ambavyo kimoja kikilegea chumba chote hufa. Seva ilikuwa ikinguruma salama ofisini. Jumatatu hadi Jumatano watahiniwa walikuwa kwenye karatasi za masomo mengine na maabara ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Ijumaa ya wiki iliyopita wasichana hawa hawa walikuwa wameingia bila taabu yoyote. Nani angekuwa ameingia humu?

Mlangoni alitokea Bwana Muthamia, naibu wa mwalimu mkuu, mwalimu wa kilimo na msimamizi wa mitihani yote. Alikuwa ameshika bahasha ya karatasi za kubandikia mlango na kijiti cha lakiri.

"Mwalimu Makandi, naona wataalamu wametulia sana."

"Kuna jambo dogo tunalitatua, Bwana Naibu."

"Dogo." Akatazama skrini moja baada ya nyingine. "Hawa wangechukua kilimo, saa hizi wangekuwa wanasubiri mtihani wakiwa wamelala. Hujawahi kusikia jembe limekataa mtu kwa sababu halimjui."

"Na hujawahi kusikia jembe limeandika barua, Mwalimu," alisema Nkirote kwa sauti ya chini, ila haikuwa ya chini ya kutosha.

"Nimesikia," Muthamia akasema bila hasira. "Mwalimu, nakukumbusha tu. Saa kumi na moja jioni nabandika karatasi na lakiri mlango huu, kama sheria inavyosema. Baada ya hapo haingii mtu mpaka kesho saa moja, mbele ya mashahidi wawili. Hata mimi siingii."

"Nimeelewa."

"Na sikusema nitafurahi mkianguka. Nilisema tu mtaanguka." Akaenda zake.

Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika ishirini. Makandi alifungua daftari la Antony ukurasa wa kwanza, akasoma mstari aliouandika yeye mwenyewe kwa wino mwekundu: *Kabla hujagusa, uliza ni nani anaingia na ni nani haingii.* Akaona haya. Alikuwa amegusa kila kitu na hakuwa ameuliza lolote.

Karibu na dirisha msichana wa kidato cha pili, Linda, aliyekuwa zamu ya usafi, alikuwa akifagia taratibu ili aone mwisho wa mambo.

"Linda, weka ufagio. Njoo kwa mashine ya Nkirote. Andika jina lako."

"Mimi, Madam? Si ya watahiniwa?"

"Andika tu."

Linda alifuta mikono kwenye sketi, akaandika. Mashine ikanguruma, ikafikiri, kisha skrini ikageuka buluu na jina lake likatokea juu kabisa, pamoja na barua aliyokuwa ameianza mwezi uliopita.

"Ai, Linda," mmoja akasema. "Wewe ndiye utatufanyia mtihani?"

Makandi alimpeleka Linda kwenye mashine ya pili, na ya tano, na ya kumi. Kote aliingia. Basi si waya na si mashine. Mashine zilikuwa nzima, na zilimjua Linda. Ni hawa kumi na mmoja tu ambao hazikuwajua. Hapo ndipo hofu ilipobadilika sura na kuwa mbaya zaidi. Je, kama majina yao yalikuwa yamefutwa? Jina likifutwa, sanduku lake nalo huenda. Ndani ya masanduku hayo mlikuwa na mradi wa kila msichana, kazi ya miezi minane ambayo kesho ingechapishwa pamoja na mtihani. Nkirote alikuwa ametengeneza hesabu za maziwa ya chama cha wafugaji cha Ruiri, ng'ombe kwa ng'ombe, mwaka mzima. Makandi alirudi kwenye mashine ya Nkirote, akaweka mkono juu yake.

"Madam, mbona umekuwa hivyo?" Nkirote aliuliza.

"Nafikiri."

"Ukifikiri hivyo tunaogopa."

Kabla hajajibu, matroni aliingia akihema. Ciakuthii alikuwa mama wa Mbeere, wa upande wa Ishiara, mnene, mkali, na mwenye daftari lisilomtoka kwapani hata kanisani.

"Nyinyi ndio mmenipotezea hesabu!" akasema. "Nyumba ya Padri, vichwa kumi na kimoja, hakuna aliyekula. Githeri imekaa mpaka imekuwa mawe. Nani aliwaambia mtihani unafanywa na tumbo tupu?"

"Ni mimi, Mama," Makandi alisema. "Nisamehe. Tuna shida."

"Shida hula nini? Twende, twende. Nyumba ya Padri, mbele yangu."

Wasichana wakaanza kuinuka. Makandi alibaki amesimama na mkono wake juu ya mashine ya Nkirote, kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka mbali.

"Mama Ciakuthii, umewaita nini?"

"Nyumba ya Padri. Si ndiko wanakolala? Tuliwahamisha Jumapili, baada ya maombi."

Hilo Makandi alilijua, kama kila mtu shuleni. Shule ilikuwa na bweni moja refu la wasichana wote. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho kabla ya mitihani, wazazi walikuja, watahiniwa wakaombewa, kalamu zao zikaombewa, kisha wakabeba magodoro vichwani na kuhamia ile nyumba ya mawe ambayo zamani padri alikaa, ili wasome na kulala bila kelele za wadogo wao. Mwaka huu mchungaji alikuwa ametaka hata kompyuta ziombewe. Alisisitiza ziwashwe kwanza, maana haombei kitu kilichozimika.

"Mkihamisha msichana," Makandi aliuliza polepole, "mnaandika wapi?"

Ciakuthii alimtazama kama aliyeulizwa jua linatoka wapi. "Kila mahali! Tangu ule mwaka tulimtafuta Mukami usiku wote mpaka kwenye mto, kumbe amelala kitanda kingine. Msichana akihama bweni, siku hiyo hiyo kila daftari la shule linabadilishwa. La jikoni, la zahanati, la maktaba, la lango. Mimi naandika orodha, Njuki anapeleka. Na Njuki hasahau kitu, unamjua."

Makandi alimjua. Njuki alikuwa karani wa shule, kijana msafi wa shati na wa mwandiko, ambaye hata siku ya mvua alipiga mstari kwa rula. Ofisini kwake mlikuwa na ubao wenye misumari, na kwenye kila msumari ulining'inia ufunguo wa akiba wenye kibao kidogo cha mti. Mwalimu mkuu alikuwa ameamuru kwamba hakuna mlango wa shule utakaokuwa na ufunguo mmoja. Seva nayo ilihesabiwa mlango. Neno la siri la msimamizi wake, linaloruhusu kubadilisha chochote ndani yake, lilikuwa limeandikwa kwenye kibao, likaning'inizwa katikati ya ufunguo wa ghala na ufunguo wa choo cha walimu.

Aliwaacha wasichana waende kula, akatembea kuelekea ofisini. Alijizuia asikimbie, maana mwalimu akikimbia wiki ya mitihani shule nzima hukimbia nyuma yake.

Ofisi ilikuwa wazi na Njuki hakuwapo. Alikuwa ametumwa Embu kwa gari la shule kupeleka fomu za watahiniwa, na hangerudi kabla ya giza. Juu ya meza daftari lake la kazi lilikuwa wazi. Makandi alilisoma bila kulisogeza. Jumatatu, saa nne asubuhi: *Nyumba ya Padri. Jikoni, tayari. Zahanati, tayari. Maktaba, tayari. Lango, tayari. Kompyuta, tayari.*

Kompyuta, tayari. Alilisoma neno hilo mara mbili. Hasira ilimpanda, kisha ikashuka yenyewe, kwa sababu hakuona mahali pa kuiweka. Mtu alikuwa amefanya kazi yake, na akaiandika.

Alishusha kibao cha seva kwenye msumari, akaketi mbele ya skrini na kuandika neno lile la siri. Lilikataliwa. Akaandika tena, akiangalia kila herufi. Likakataliwa. Ndipo akageuza kibao na kuona upande wa nyuma, kwa penseli, kwa mwandiko ulionyooka: *Seva imelazimisha neno libadilishwe. Jipya limo katika shajara yangu. Njuki.* Na shajara ya Njuki ilikuwa mfukoni mwa Njuki, na Njuki alikuwa Embu, asikofikiwa na simu. Daftari la Antony lilisema wazi kwamba ukikosea mara tatu seva hufunga mlango kwa siku nzima. Makandi aliondoa mikono kwenye kibodi, akaikalia mikono hiyo.

 Kisha akafungua ukurasa wa kumi na tisa wa daftari hilo, ule ambao hakuwahi kuuhitaji. Antony alikuwa amechora mti. Shinani aliandika jina la shule, na juu yake matawi mawili. Tawi moja aliliita OFISI, akaandika chini yake walimu. Jingine aliliita BWENI, akaandika wasichana. Kando yake maelezo: *Mashine za maabara zimeambiwa zimtafute mtu katika tawi la BWENI tu. Mashine ya ofisi inatafuta OFISI tu. Mtu akiwa tawi lingine, mashine haimwoni hata kama yupo. Kisanduku cha jina kinachukua herufi nane, kwa hiyo hawezi kuandika jina pamoja na tawi lake.*

Akaiendea mashine ya ofisi iliyotumiwa na walimu, akaingia kwa jina lake mwenyewe. Jina la mwalimu halikuruhusiwa kubadilisha kitu ndani ya mti, lakini liliruhusiwa kutazama. Akautaka mti wote. Mistari ikajipanga polepole: BWENI, OFISI. Na chini yake tawi la tatu, jipya: PADRI. Akalifungua. Nkirote alikuwamo. Wengine kumi walikuwamo. Masanduku yao yalikuwamo, na ndani ya sanduku la Nkirote ng'ombe wote wa Ruiri walikuwa salama, na lita zao.

Makandi aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa kibodi, mashine ikalalamika kwa mlio mrefu, naye akainuka haraka. Njuki alikuwa amewahamisha kama matroni alivyowahamisha, magodoro na kila kitu. Ila hakuna aliyekwenda kuziambia mashine kumi na moja kwamba watu wao hawalali tena kule.

Kama angekuwa na neno la msimamizi, angewarudisha BWENI kwa dakika tano. Hakuwa nalo. Kilichobaki ni njia ndefu, ya kuiendea mashine moja moja na kuiambia itafute PADRI. Antony alikuwa amezifunga zisibadilishwe, ili wanafunzi wasizichezee, na kila moja ingefunguka tu ikiwashwa na ile flopi ya samawati ndani yake. Flopi ilikuwa moja, na Antony alikuwa ameitengeneza isiweze kunakiliwa.

Saa tisa na robo alikuwa amerudi maabara. Mashine ya kwanza ilimchukua nusu saa, kwa sababu alisoma kila mstari mara mbili kabla ya kuubadilisha na mara moja baada ya kuubadilisha. Aliondoa flopi, akaiwasha mashine upya, akamwita Nkirote aliyekuwa amerudi na harufu ya githeri.

Nkirote aliandika jina lake. Mashine ikanguruma. Skrini ikageuka buluu.

"Uuui! Madam, inanijua!"

"Usipige kelele. Toka, nenda ukasome."

"Ng'ombe zangu ziko?"

"Ziko zote. Toka, mwanangu."

Ya pili, dakika kumi na tatu. Ya tatu, kumi na mbili. Flopi ilianza kukwaruza ndani ya mdomo wa mashine kama jino linalosaga mchanga, na kila ilipokwaruza Makandi aliacha kupumua. Aliipoza kwa kuipepea kwa daftari, akaendelea. Ya nne. Ya tano. Kwenye ya tano umeme ulififia, taa ikawa nyekundu, kisha ikarudi, naye akaanza mashine hiyo upya. Ya sita. Wasichana walisimama nje ya dirisha wakihesabu kwa vidole, kila mmoja akitazama mashine yake.

Alipomaliza ya saba na kuinua kichwa, Bwana Muthamia alikuwa mlangoni, kijiti cha lakiri mkononi na kiberiti mfukoni.

"Saa kumi na moja, Mwalimu."

"Zimebaki nne. Nipe dakika hamsini, Bwana Naibu."

Muthamia alizitazama zile saba zilizokwisha kutengenezwa, akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kwa muda Makandi aliona kwamba alitamani kusema ndiyo.

"Nikikupa hizo hamsini," alisema hatimaye, "mtu mmoja tu akiandika barua ya kulalamika, matokeo ya wote kumi na mmoja yanafutwa. Sio wanne. Wote. Unataka?"

"Sitaki."

"Basi toka. Kesho saa moja kamili nitakuwa hapa na ufunguo na mashahidi wangu, nikiwa nimenyoa. Una saa nzima kabla wasichana hawajaketi. Hiyo ni haki yako, nayo sitaigusa."

Alifunga kufuli, akabandika karatasi mbili zenye sahihi, akawasha kiberiti. Lakiri ilidondoka ukutani na mlangoni, nyekundu, ikapoa. Makandi alibaki ameishika flopi ya samawati kifuani kwa mikono miwili. Mara nne kumi na tatu ni hamsini na mbili. Zingebaki dakika nane za umeme kufifia, na za flopi kukwaruza.

Alikuwa amefika katikati ya uwanja aliposimama ghafla. Njuki.

Njuki angerudi usiku huo. Angepita jikoni kwanza kuchukua chakula chake, na jikoni wangemsimulia: kompyuta zimewakataa watahiniwa, mwalimu Makandi amehangaika mchana kutwa. Na Njuki, ambaye hasahau kitu na halali na kosa lake, angekwenda ofisini moja kwa moja, afungue shajara, awarudishe wasichana wote kumi na mmoja BWENI kwa dakika tano. Mashine nne zingewajua. Na zile saba zilizotengenezwa leo zingeamka kesho zikiwatafuta katika nyumba tupu.

Alirudi ofisini upesi. Mara hii alikimbia, na aliyetaka kuona akaona. Alichukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: *Njuki, hukukosea. Lakini nakuomba usiguse seva. Usiwarudishe wasichana. Saba tayari zinatafuta PADRI. Usiguse chochote mpaka tuonane saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Makandi.* Alikitia kile kibao mfukoni, akaining'iniza karatasi kwenye msumari wake. Akaitazama, akaona haitoshi. Akaandika nyingine, akaiweka juu ya kibodi ya seva. Akaandika ya tatu.

Hiyo ya tatu alimpelekea Ciakuthii, aliyekuwa mlangoni pa Nyumba ya Padri akihesabu vichwa vinavyoingia.

"Kumi na moja," matroni alisema, akafunga daftari. "Hii nayo ni nini?"

"Ni ya Njuki. Akija kuchukua chakula, mpe hii kabla hujampa sahani."

"Kabla ya sahani? Atakasirika."

"Akasirike. Mama, niahidi. Asipite bila kuisoma."

Ciakuthii aliikunja karatasi mara mbili, akaitia katikati ya kurasa za daftari lake, akalirudisha daftari kwapani. "Nitaketi hapa barazani," alisema. "Gari likiingia nitaliona. Wewe nenda ukalale."

Makandi hakwenda. Aliketi kando yake kwenye ngazi ya mawe, flopi mapajani, ameifunga kwa leso kama yai. Ndani, Nkirote alikuwa akiwaeleza wenzake jinsi ya kuandika jina polepole. Jua lilikuwa linashuka upande wa Mlima Kenya, na barabara ya Ruiri ilikuwa bado tupu.